Uso Nilioufuta Dirishani

Nyumbani, Alhamisi, saa nane mchana

Mwanangu Editha,

Umekwenda kumuaga bibi yako, na kwa jinsi ninavyomjua mama yangu, hatakuachia mpaka akulishe mara mbili. Kwa hiyo nina muda. Baba yako yuko kwenye shamba la kahawa. Nimekaa kwenye meza yako ya kusomea, maana ndiyo pekee humu ndani isiyoyumba.

Sitakuandikia juu ya kufunga mlango wa chumba, wala juu ya kula vizuri, wala juu ya marafiki. Hayo nimeyasema wiki nzima hadi umeanza kunimalizia maneno kabla sijafika mwisho. Nataka kukuandikia juu ya dirisha la Mtakatifu Anna. Kesho unaondoka kwenda kusoma kemia kwa sababu ya dirisha lile, na habari zake unazijua nusu. Nusu iliyobaki ninayo mimi, na nimeikalia tangu kabla hujazaliwa.

Wewe hukuliona likiwa zima. Mimi nililiona. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunakwenda misa ya kwanza na baridi ya Juni inauma masikio, bibi yako amenifunga kitenge juu ya sweta, tunakaa benchi la pili upande wa wanawake. Padri akifika kwenye injili, jua linakuwa limeshapanda juu ya kilima, linaingia kwa dirisha lile, na rangi zinamwagika sakafuni. Sisi watoto tulikuwa tunasogeza miguu polepole ili vidole viingie kwenye buluu. Mama akiona alinifinya, lakini naye nilimwona siku moja akiiweka kandambili yake mahali palipokuwa na rangi ya kijani.

Anna alikuwa amekaa, joho lake la kijani. Maria bado msichana, kama wa darasa la tatu, amesimama karibu na goti la mama yake, na kitabu kimefunguliwa mbele yao. Anna anamfundisha kusoma. Uso wa Maria ulikuwa mdogo kama kiganja changu, umechorwa kwa mistari ya kahawia nyembamba sana, na mdomo umefunguka kidogo, kama mtoto aliyefika kwenye neno gumu. Kitabuni mlikuwa na herufi. Nilimpenda yule msichana kuliko watakatifu wote wa kanisani, kwa sababu na mimi nilikuwa nashindwa kusoma.

Aliyenijulisha kwamba zile ni herufi za Kilatini ni Mzee Bonifasi. Jina hilo unalijua, na najua unalijua kwa ubaya. Basi nikuambie alivyokuwa. Alikuwa mtunza kanisa letu, mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, ufunguo wa kanisa umening'inia kwenye kamba ya ngozi kiunoni. Aligonga kengele, alibadilisha maua, alifukuza popo. Na dirisha lile alilisafisha yeye peke yake, kwa kipande cha fulana kuukuu, kikavu, anapangusa kama anayemfuta mtoto machozi. Nilimuuliza kwa nini hatumii maji. Akanijibu kwamba padri aliyelileta kutoka ng'ambo, zamani sana, alimwambia baba yake hivyo, na baba yake akamwambia yeye.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara. Parokia nzima ilikuwa inapaka chokaa na kufyeka. Sisi wasichana tulipewa kuosha kanisa ndani. Mzee Bonifasi alitufungulia mlango asubuhi, akaonyesha kila mtu kazi yake, kisha akasema mbele yetu wote, "Dirisha la Anna liacheni. Nitalishughulikia mwenyewe nikitoka kuchukua divai." Akaenda.

Lakini mwanangu, lilikuwa chafu. Miaka ya mishumaa na ubani ilikuwa imelitia weusi pembeni, na mimi nilikuwa na sababu yangu. Jumapili ile ya askofu ndiyo ingekuwa ya kwanza kutangazwa ndoa yangu na baba yako. Nilitaka watu wakisikia jina langu wawe wamekaa kwenye mwanga wa dirisha nililoling'arisha mimi. Ndivyo nilivyowaza, sikufichi.

Wenzangu walipotoka kuchota maji, nilichukua ngazi. Nilikuwa nimekuja na ndoo ya mama ya maji ya majivu, yale ya kung'arishia masufuria, na stilwaya. Nikaanza pembeni. Masizi yalitoka vizuri, kioo kikawaka. Nikafurahi. Nikashuka hadi kwenye joho, kisha kwenye mikono, kisha usoni. Niliona maji yanayotiririka yamekuwa ya kahawia, nikadhani ni uchafu, nikakaza mkono. Nilipofuta kwa kitambaa, yule msichana hakuwa na macho. Hakuwa na pua wala mdomo. Kitabu kilikuwa cheupe. Duara la njano lililozunguka kichwa chake lilibaki vilevile, limezunguka kioo kitupu.

Nilishuka. Ngazi niliirudisha mahali pake. Wenzangu waliporudi nilikuwa napiga deki upande wa pili, na kwa kuwa jua lilikuwa limeshazunguka, hakuna aliyetazama juu. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeisahau ile ndoo nyuma ya mlango wa sakristia. Niliikuta kesho yake nyumbani kwetu, kwenye kizingiti. Bibi yako alidhani nimeirudisha mimi.

Jumapili watu waliona. Paroko alisimama muda mrefu mbele ya dirisha lile baada ya misa. Wazee wa parokia wakakutana palepale, kanisani, na sisi wengine tukiwa mlangoni tunasikiliza. Wakamuuliza Mzee Bonifasi ni nani aliyeingia. Akasema, "Ufunguo ninao mimi." Wakamuuliza tena. Akawajibu yaleyale. Kuna mmoja akasema huenda mzee alianza kuionja ile divai njiani, na watu wakacheka kidogo, na kwa kicheko kile neno likawa limeshatoka. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amenyang'anywa ufunguo na habari ya ulevi wake imefika kila kigango.

Mimi nilikuwa mlangoni, Editha. Nilikuwa nimevaa gauni jipya, na jina langu limesomwa saa moja kabla. Nilijiambia nitasema wiki ijayo, tangazo la pili likipita. Kisha la tatu. Kisha harusi. Kisha nikawa mke wa mtu na mama mkwe wangu alikuwa kiongozi wa akina mama wa parokia. Mtu akiniuliza leo ni lini niliamua kunyamaza, sijui nimjibu nini. Sikuamua. Kila siku nilisogeza mpaka siku inayofuata, na kila siku ilikuwa ngumu zaidi ya jana yake. Mzee Bonifasi na mkewe walivumilia kama mwaka mmoja hivi, wakauza shamba, wakateremka ziwani kukaa Chiwanda kwa binti yao aliyeolewa huko.

Kwa miaka hiyo yote nilijifariji kwamba sijasema uongo, maana hakuna aliyewahi kuniuliza. Kisha ukaniuliza wewe. Ulikuwa na miaka sita, umekaa mapajani mwangu, ukanivuta kitambaa cha kichwa ukaninong'oneza, "Mama, mbona yule hana uso?" Nikakujibu, "Aliusugua mzee mmoja mlevi." Uongo wangu wa kwanza juu ya dirisha lile niliusema sikioni mwako. Uliusadiki, ukakua nao, ukawasimulia wenzako.

Sasa nije kwa Mama Sanga. Unakumbuka alivyofika na masanduku yake kulitengeneza dirisha ulipokuwa kidato cha tatu, likizo ya Juni. Watu walitarajia mtaalamu wa vioo atakuwa mzungu mwenye ndevu, akashuka mama wa Iringa mwenye viatu vya mpira. Wewe ukamkamata siku ya kwanza hukumwachia. Uliporudi nyumbani jioni ulikuwa unaongea mpaka ugali unapoa. Nakumbuka ulivyomwaga unga kidogo mezani kunionyesha.

"Mama, ile si rangi kama ya mlango," ulisema. "Rangi ya mlango inakauka. Ile inachomwa. Wanachukua kutu ya chuma, au ya shaba, wanaisaga na kioo laini chenye madini ya risasi ndani yake. Risasi inakisaidia kioo kuyeyuka upesi. Wanakoroga na gundi ya mti na maji, au siki, wanachora, halafu kipande kinaingia tanurini. Kile kioo cha unga kinayeyuka, kinashikana na kioo chenyewe. Ikichomwa vizuri, hata wewe na stilwaya yako huitoi."

Ulisema hivyo kwa utani, Editha, kwa sababu nilikuwa nimeshika stilwaya nasugua sufuria. Nilikwenda uani nikakaa huko kidogo. Ulidhani moshi umeniingia machoni.

Siku nyingine ukaja na habari ya njano. Kwamba duara la kichwani lilipakwa kwa madini ya fedha, yamechanganywa na udongo, na lilipakwa upande wa nyuma wa kioo. Kwamba likichomwa, fedha inazama ndani ya kioo chenyewe, na udongo unapanguswa, na kinachobaki ni kioo kilichogeuka njano. Ndiyo maana lile duara halikutoka. Nilikuwa nimelishangaa miaka zaidi ya ishirini, nikidhani ni Mungu ananionyesha kidole. Kumbe ni fedha. Nilishukuru kulijua hilo, na nilisikitika pia, sijui kwa nini.

Kisha ikafika siku ambayo nataka uikumbuke upya. Nilikuwa nimewaletea chai kanisani. Mama Sanga alikuwa kwenye jukwaa, wewe umeshika tochi pembeni kabisa, mwanga unalala juu ya kioo, na mnaona mistari ya uso iliyobaki kama kivuli, mahali ambapo rangi ilikuwa imekinga kioo. Ulinipungia nipande nione. Nilipanda, nikauona mdomo. Ulikuwa bado umefunguka kidogo.

Mama Sanga akasema anahitaji kujua kioo kilisuguliwa kwa kitu gani, maana kama ni tindikali atakitibu hivi, na kama ni magadi atakitibu vile, na akikosea atakiharibu zaidi. Ukamjibu wewe, haraka: "Ni mzee mmoja mlevi, alishahama. Hakuna anayejua alitumia nini." Naye akaandika. Nami nimesimama pale na chupa ya chai.

Kesho yake asubuhi, wewe bado umelala, nilimfuata nikamwambia yalikuwa maji ya majivu na stilwaya. Aliniangalia. Akaniuliza ni nani. Nikasema mtu fulani aliniambia. Hakunidadisi zaidi. Akafuta mstari, akaandika mwingine, akanishukuru, akasema majivu yana magadi na magadi huila rangi na kioo chenyewe, polepole, hata baada ya kufutwa. Kisha akaniambia jambo ambalo nadhani alilisema kwa huruma. Alikuwa ameshapeleka punje ya rangi maabara na majibu yamerudi. Fundi aliyetengeneza dirisha lile aliongeza boraksi, ule unga mweupe wa masonara, ili rangi iyeyuke kwa moto mdogo na kazi iishe upesi. Rangi ya namna hiyo inaogopa maji na unyevu. Akasema, "Hata asingeisugua mtu, mama, ingedondoka yenyewe siku moja."

Nilitembea kurudi nyumbani mwepesi kabisa. Nilikaa na maneno yale miaka mitatu kama mtu aliyepewa hati ya msamaha. Kosa ni la fundi. Kosa ni la boraksi. Ungeniuliza wakati ule ningekuambia yamekwisha.

Barua yako ya chuo ilipokuja, ukaturukia mimi na baba yako, kisha ukasoma kwa sauti yale maelezo uliyojaza ya kwa nini unataka kusoma kemia. Yalikuwa mazuri. Ndani yake mlikuwa na Mzee Bonifasi: "mtunza kanisa mlevi aliyeharibu kazi ya sanaa." Umeyaandika kwa mkono wako, yamesomwa na watu wasiomjua, na yamekusaidia kupata nafasi. Baba yako alipiga makofi. Hapo ndipo hati yangu ya msamaha ilipochanika.

Wiki tatu zilizopita nilikuambia nakwenda ziwani kununua dagaa wa usipa. Usipa nilinunua, ulikula. Lakini kabla ya hapo nilifika Chiwanda. Nilimkuta barazani anamenya karanga kwenye ungo, macho yameingia ukungu, shati limefungwa vifungo vyote pamoja na joto lile la ziwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Ni nani?"

"Ni Kresensia, wa kule juu."

Alimenya karanga moja, akaitia kwenye ungo. "Kresensia wa ndoo," akasema.

Alijua tangu siku ile ile. Ndoo ilikuwa na alama ya bibi yako ya rangi nyekundu chini. Aliimwaga, akaisuuza, akaipeleka mwenyewe kizingitini kwetu gizani, ili mwingine asiikute. Nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema, "Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Niliona utasema wiki ile. Ulikuwa mtoto mzuri."

Nikashindwa kujizuia, nikalia. Akanipa muda, halafu akaniambia ninyamaze, wajukuu watadhani amenitukana. Nilipotulia nikamweleza habari za Mama Sanga, nikamweleza boraksi na moto mdogo, nikasema rangi ilikuwa mbovu tangu kwa fundi. Nadhani nilitaka na yeye afarijike kama nilivyofarijika mimi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali ya maana, hata akacheka kidogo kwamba baba yake alikuwa sahihi juu ya maji. Kisha akasema:

"Sawa. Rangi ilikuwa mbovu. Lakini mimi sikuondolewa na rangi. Na mke wangu amezikwa hapa akiwa mke wa mlevi."

Kama kuna jambo moja katika barua hii ambalo ningependa lisikutoke, ni sentensi hiyo. Utakwenda kufundishwa kutafuta sababu ya kila kitu mpaka kwenye punje ndogo kabisa, na utazipata, na zitakuwa za kweli. Mimi nilipewa sababu ya kweli nikaitumia kujifichia.

Nilimuuliza anataka nifanye nini. Akasema niseme kanisani, mahali palepale palipoanzia, nikiwa nimesimama. Nikamuuliza kama atakuja. Akasema njia siku hizi ni ya lami, hana udhuru.

Basi Jumapili hii, baada ya komunyo, nitasimama. Paroko ameshanipa ruhusa. Baba yako nilimwambia juzi kwenye kahawa. Alikaa chini kati ya miche, akauliza kama tulipotangazwa nilikuwa nimeshafanya, nikasema ndiyo. Jana akaniambia atakaa benchi la mbele. Bibi yako bado sijamwambia, na ndoo ilikuwa yake, kwa hiyo huyo namwogopa kuliko askofu.

Utakuwa umeshaondoka. Utasikia kwa simu za marafiki zako, nami sikutaka usikie kwao. Watakuambia mengi juu yangu na mengine yatakuwa kweli. Yale maelezo yako ya chuo sijui kama yanaweza kurekebishwa. Utaamua mwenyewe, wewe ni mtu mzima.

Mama Sanga ameandika kwamba uso mpya utachorwa kwenye kioo cha pili, chembamba, kitakachowekwa nyuma ya kile cha zamani, ili kisimdanganye mtu na kiweze kuondolewa. Anakusanya kumbukumbu za walioliona dirisha likiwa zima. Mzee Bonifasi amemtumia zake kwa sauti, kwa simu ya mjukuu. Amesema jicho la kushoto lilikuwa chini kidogo ya la kulia. Mimi hilo sikuwahi kuliona, pamoja na kupenda kwangu kote.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuificha barua hii katikati ya nguo zako, uikute ukishafika mbali, na mimi nisiuone uso wako unaposoma. Nilikuwa nimeshachagua hata kitenge cha kuifunikia. Nimeona huko ni kunyamaza kwa namna nyingine. Kwa hiyo ukirudi kutoka kwa bibi nitakupa mkononi, kabla ya chakula, na nitakaa kwenye kiti kinachokutazama mpaka umalize. Ukiinua macho, niulize lolote.

Mama yako,
Kresensia